Na Noah mpaka Matema: anza na pa kulala

Wiki hii mmeuliza, ukipata gari la kulalia ndani na likizo ya mwezi wa saba, ungeelekea wapi na ungejipangaje? Mi nikipata hata Toyota Noah naenda kusini, mkoani Mbeya, Tukuyu hadi Matema, sina pengine. Wapi tena unaamka na baridi ya Mlima Rungwe, karibu mita 2,960 juu ya bahari, halafu jioni hiyohiyo umevua viatu kwenye mchanga wa Ziwa Nyasa, kwenye mita 475 hivi tu!

Ila watu wa Dar tunapanga safari kwa kuorodhesha vivutio, ziwa la Ngosi, Daraja la Mungu lile la mwamba, maporomoko ya Kaporogwe, hifadhi ya Kitulo, tunajaza tu, alafu pa kulala tunasema tutajua hukohuko. Na gari la kulalia ndo linadanganya zaidi, unajiona una nyumba kumbe huna pa kuiegesha. Mi nasema anza na pa kulala. Kila usiku ujue ni uwanja wa lodge gani au kambi gani, umeshapiga simu, wamekubali gari liingie getini, choo kipo, maji yapo. Sio pembeni ya barabara, sio sheli na malori yananguruma mpaka asubuhi. Hivyo vivutio vitajipanga vyenyewe katikati.

Dar mpaka Mbeya ni kama kilomita 830, usishindane na mabasi, lala Iringa. Toka saa kumi usiku kabla foleni ya Kimara na Mbezi haijaamka, Mikumi barabara inakatiza hifadhini karibu kilomita 50 na mwisho ni spidi 70, wanyama wanavuka muda wowote na ukimgonga mmoja unalipa faini, kwahiyo pita mchana, taratibu. Mlima wa Kitonga, kabla ya Iringa, ukipanda angalia geji ya joto, na ukirudi unashuka ndo hatari yenyewe, weka gia ndogo toka juu kabisa, kama ni otomatiki weka L au 2, breki zisipate moto nyuma ya lori. Ilula nunua nyanya na vitunguu. Kesho yake ukifika Uyole kata kushoto kuelekea Tukuyu, mjini Mbeya huna haja ya kuingia.

Sasa baridi. Tukuyu mwezi wa saba usiku inauma kweli, na naomba sana, sana, msiingize jiko la mkaa ndani ya gari eti mpate joto. Ile hewa ya mkaa haina harufu ya kukuamsha, inaua watu wakiwa usingizini. Bebeni mablanketi mazito, pikeni nje, na dirisha liachwe wazi kidogo hata kama mnatetemeka. Mkishuka ziwani shida inageuka, joto na mbu, hivyo madirisha yashonewe neti mapema hapahapa Dar.

Matema msiende kulala usiku mmoja mkageuza. Milima ya Livingstone inashuka pale mpaka majini, vyungu vya Wakisi vinatengenezwa jirani tu Ikombe, na mchele wa Kyela utaula palepale unapolimwa. Siku zikibana toeni Kitulo, maua yake ni Desemba mpaka Aprili, mwezi wa saba hamtayakuta, na hizo siku pelekeni ziwani.