Treni ya usiku ya Kiyochika

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mwanangu ameniletea kalenda yenye picha ya Kijapani: treni inapita kando ya bahari usiku, madirisha yanawaka, mwezi uko nyuma ya ukungu. Chini imeandikwa Kobayashi Kiyochika, 1879. Nilidhani picha za vibao vya mbao ni mawimbi, mlima Fuji na wanawake wa kimono tu. Je, aliichonga mwenyewe? Kweli aliacha ghafla picha za namna hii? Na nikiuziwa nakala, nitajuaje kama ni ya mbao? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Hapana, hakushika patasi. Kazi hiyo ilikuwa ya watu wanne: mchapishaji mwenye fedha, mchoraji, mchongaji na mchapaji. Karatasi nyembamba ya mchoro hugandishwa kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, kisha mchongaji hukata palepale mpaka mchoro wenyewe unapotea. Kila rangi huwa na kibao chake, na pembeni huchongwa alama za kupangia karatasi. Ikisogea unene wa ukucha tu, imeharibika. Wanafunzi wangu wanalijua hilo kwa machungu.

Kiyochika alizaliwa Edo mwaka 1847, mtoto wa ofisa mdogo wa shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani. Utawala ule ulipoanguka mwaka 1868 alimfuata shogun hadi mji wa Shizuoka, akarudi 1874 na kukuta mji wake wa Edo sasa unaitwa Tokyo, una taa za gesi mtaani Ginza na reli ya kwenda Yokohama. Tangu 1876 hadi 1881 alitoa picha 93 za mji huo.

Upya wake uko kwenye mwanga. Waliomtangulia walizungushia kila kitu mstari mweusi. Yeye aliacha giza limeze mistari, watu wakabaki vivuli mbele ya taa. Lakini mafundi walikuwa walewale wa zamani, na mzigo ukamwangukia mchapaji, aliyepaswa kupaka rangi ubaoni na kuififisha kwa mkono, karatasi baada ya karatasi. Sifa za mwanga huo mchapaji hapewi.

Chunguza pia kichwa cha treni yako. Kina sura ya Kimarekani, ilhali vichwa vya kwanza vya reli ile vilitoka Uingereza. Kwa hiyo hakuchora alichokiona dirishani tu.

Kuhusu kuacha: Januari 26, 1881 moto mkubwa uliwaka Ryogoku, mtaa wa Tokyo. Husimuliwa kwamba alitoka kwenda kuuchora, na nyumba yake ikateketea. Mwaka huohuo mfululizo ukakoma, akahamia katuni za kejeli katika gazeti la Marumaru Chinbun. Wengi huulaumu moto. Mimi naona na riziki ilimwita huko. Wakati wa vita na China, 1894 hadi 1895, alirudi na picha nyingi za mapigano, mwanga ukiwa wa ustadi uleule. Mimi sizipendi, ustadi ule umetumikishwa kushangilia maiti. Alifariki 1915.

Nakala ukiletewa, chukua kioo cha kukuzia. Chapa ya mashine kama kalenda yako ina nukta ndogondogo. Ya mbao haina. Kisha geuza karatasi: rangi huwa imepenya hadi mgongoni, na mara nyingine utaona mikwaruzo ya mviringo ya kisuguo, kifaa ambacho mchapaji hukandamizia karatasi ubaoni. Muuzaji akikataa usigeuze, usinunue.