Kuba imekalia nini? Kusoma misikiti ya mabey wa Anatolia

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa usanifu majengo, mwaka wa tatu. Nimepewa kazi ya kulinganisha msikiti wa Eşrefoğlu ulioko Beyşehir na msikiti wa İsa Bey ulioko Selçuk, yote nchini Uturuki. Vitabu vinaiweka katika enzi moja, enzi ya milki ndogo za Waturuki kabla dola ya Osmani haijazimeza zote. Lakini mmoja ni wa nguzo za mbao na paa bapa, na mwingine ni wa mawe na marumaru, wenye kuba mbili na ua mkubwa. Sioni mtindo mmoja hapo. Je, kuna kinachoiunganisha, au ni jina la kipindi tu? Na la pili: kuba ya duara inakaaje juu ya chumba cha mraba? Nimesoma kuhusu "pembetatu za Kituruki", sijaelewa.

JIBU: Macho yako hayajakudanganya. Mtindo mmoja haupo, na ukijilazimisha kuutafuta utaishia kuandika orodha ya mapambo. Kinachoiunganisha misikiti hiyo ni hali ya siasa iliyoizaa: watawala wengi wadogo, kila mmoja na mji wake, hazina yake na mafundi aliofanikiwa kuwapata. Badala ya kuuliza ni mtindo gani, uliza vifaa vilitoka wapi, fundi alitoka wapi, na paa linabebwa na nini.

Historia kidogo, maana bila hiyo tarehe hazitakuambia kitu. Mwaka 1243 jeshi la Wamongolia liliwashinda Waseljuki, nasaba ya Kituruki iliyotawala Anatolia (sehemu ya Asia ya Uturuki ya leo) kutoka Konya, pale Köse Dağ. Masultani wa Konya waliendelea kukalia kiti, ila kodi ikawa inakwenda kwa Wamongolia, na ukoo wao ukazimika mwanzoni mwa karne ya 14. Upande wa pili, Wabizanti, yaani dola ya Kikristo ya Kirumi ya Mashariki, walirudisha makao yao Konstantinopoli mwaka 1261, na tangu hapo mpaka wao wa Anatolia ukapungukiwa na ulinzi. Makabila ya Waturkmeni yakasogea magharibi, na viongozi wao, mabey, wakajikatia maeneo: Karaman kusini ya kati, Germiyan kule Kütahya, Eşrefoğlu Beyşehir, Hamid Eğirdir, Menteşe Milas, Aydın Birgi, Saruhan Manisa, Candar Kastamonu. Ukoo wa Osman kule Söğüt ulikuwa mmoja wao, na ulipoanza haukuwa wa kutisha.

Ndiyo maana sipendi majengo haya yakiitwa "ya Kiosmani ya awali". Mwaka 1375 İsa Bey wa Aydın alijenga kama mtawala anayejisimamia. Bayezid wa Osmani alimnyang'anya milki yake miaka 15 baadaye. Kuliita jengo kwa jina la aliyelirithi ni kumnyima haki aliyelilipia.

Msomaji wa pwani yetu ana shahidi anayemfahamu: Ibn Battuta. Alifika Kilwa zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na muda si mrefu baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1330, alishuka bandari ya Alanya na kuzipitia milki hizi moja baada ya nyingine. Birgi alipokewa na Mehmed Bey wa Aydın, akaombwa amwandikie hadithi za Mtume, na akaonyeshwa jiwe jeusi lililosemwa limeanguka kutoka mbinguni. Bursa alimkuta Orhan, mwana wa Osman, akamtaja kuwa ndiye mkubwa wa wafalme wa Waturkmeni, mwenye ngome karibu mia moja. Kati ya vituo hivyo alilala kwenye nyumba za udugu wa mafundi na vijana walioitwa akhi, ambao anawasifu kwa ukarimu kuliko anavyowasifu baadhi ya watawala. Msome kabla hujaandika. Utaona mabey walivyoshindana kwa kukaribisha wanazuoni na kwa kujenga. Bey ambaye jana alikuwa mkuu wa wapanda farasi alihitaji msikiti, madrasa na maandishi ya Kiarabu juu ya lango ili aonekane mtawala.

Sasa Beyşehir. Msikiti ulijengwa na Süleyman Bey kati ya 1296 na 1299, kando ya ziwa, chini ya milima ya Taurus. Kuta za nje ni za mawe, na lango lake ni la Kiseljuki kabisa. Ukiingia unakuta msitu wa nguzo ndefu za mierezi, vichwa vyake vimechongwa na kupakwa rangi, zimebeba boriti na dari bapa. Mbao hazikuchaguliwa kwa umaskini: mihrabu ya msikiti huohuo imefunikwa kwa vigae vilivyokatwa kimoja kimoja na kupangwa, kazi ya gharama kubwa. Mbao zilikuwa karibu, na mafundi wa nyanda za juu walikuwa na desturi ya kujenga hivyo. Misikiti mikuu ya Afyon na Sivrihisar, na ule wa Arslanhane pale Ankara, ni ndugu zake. Minne hiyo, pamoja na msikiti wa Mahmut Bey wa mwaka 1366 katika kijiji cha Kasaba karibu na Kastamonu, iliingizwa kwa pamoja kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2023.

Usiache kuchora shimo lililo katikati ya ukumbi wa Beyşehir. Juu yake paa liliachwa wazi, na theluji ilianguka au kusukumwa ndani ya shimo hilo. Mwanga na hewa viliingia kupitia hapo. Wenyeji husema pia kwamba unyevu wa theluji ulizuia mbao zisikauke na kupasuka. Mimi naona mwanga na uzito wa paa ndizo sababu nzito zaidi: ukumbi mpana wa dari bapa huwa giza katikati, na theluji iliyolundikana juu ya paa la udongo ni mzigo ambao boriti haziwezi kuuvumilia majira yote.

Selçuk ni dunia nyingine. Mji wakati huo uliitwa Ayasuluk, na wafanyabiashara wa Italia waliujua vizuri, kwani walifuata hapo nafaka, farasi, shabu na watumwa. Mabey wa pwani hiyo walikuwa na meli, walifanya mikataba na Waveneti wa Krete, na baadhi yao walipiga hata sarafu za fedha zenye maandishi ya Kilatini, wakiiga zile za Napoli, ili zikubalike sokoni. Bey wa namna hiyo hakosi njia ya kumpata fundi kutoka mbali. Maandishi ya lango, ya mwaka 776 wa Hijria, yanamtaja: Ali, mtu wa Dameski. Na vifaa vilikuwa vimelala pembeni: magofu ya Efeso yalimpa nguzo za granite na marumaru zilizokwisha kuchongwa karne nyingi kabla.

Wengi huandika kwamba msikiti wa İsa Bey ni nakala ya Msikiti Mkuu wa Dameski. Sikubaliani nao. Ni kweli ukumbi umelala kwa upana, njia pana inaukata katikati kuelekea mihrabu, na ua uko mbele. Lakini Dameski kuna safu tatu, na kuba moja inatawala katikati. Selçuk kuna safu mbili, na kila pale zinapokutana na njia ya katikati pamewekwa kuba, kwa hiyo kuba ni mbili, moja nyuma ya nyingine. Minara iliwekwa juu ya milango ya pembeni, pale ukumbi unapokutana na ua, na uso wa magharibi ulivishwa marumaru kwa madirisha ya juu na chini kama jumba la mfalme. Fundi alikuwa anaukumbuka msikiti wa kwao, akiwa na mteja mwenye matakwa yake na rundo la mawe ya Kirumi. Linganisha michoro ya sakafu ya misikiti hiyo miwili kwa kipimo kimoja, tofauti zitajitokeza zenyewe.

Nije kwenye kuba. Chukua chumba cha mraba chenye upande wa mita 8. Duara likichorwa ndani yake linagusa kuta katikati tu, na kona nne zinabaki wazi. Tatizo lote liko kwenye kona hizo. Njia moja ni tao la kona: unarusha tao dogo kukatiza kila kona, mraba unapata pembe nane, na kutoka pembe nane hadi duara pengo ni dogo la kuzibwa kwa matofali. Njia nyingine, waliyoimudu sana Wabizanti, ni kuinua kutoka kila kona kipande cha tufe chenye ncha tatu, chembamba chini na kipana juu. Hapo mzigo unateremka kwenye kona nne, na ukuta ulio kati ya kona unaweza kufunguliwa kwa tao kubwa.

Pembetatu za Kituruki hazina kilichopinda hata kimoja. Juu ya ukuta fundi anazungusha ukanda wa pembetatu bapa, moja imekaa kwa kitako, inayofuata imesimama kwa ncha, zote zikiegemea ndani. Chini ukanda una pande nne, juu una pande nyingi kiasi cha kukaribia duara. Kata ukanda wa karatasi ngumu, ukunje kwa mikunjo ya kwenda na kurudi, kisha uuzungushe juu ya boksi la mraba. Utaelewa haraka kuliko kwa maneno yangu.

Faida yake kwa mwashi ni wazi: nyuso bapa hujengwa kwa matofali ya kawaida, bila kalibu ngumu ya mbao. Hasara yake inaonekana kwenye mchoro wa mkato, ule unaoonyesha jengo kama limepasuliwa wima. Mzigo unagawanyika kwenye urefu wote wa ukuta, kwa hiyo ukuta lazima uwe mnene na usitobolewe ovyo. Tena kuba haisukumi chini tu. Mguu wake unasukuma nje, na Anatolia ni nchi ya matetemeko. Mafundi walijibu kwa unene, kwa shingo ya pembe nane iliyoukaba mguu wa kuba kwa nje, na kwa boriti za mbao zilizolazwa ndani ya ukuta ili kuufunga. Mfano wa kusomea ni mdogo na uko İznik: msikiti wa Hacı Özbek, wa mwaka 1333, ulio wa kwanza kwa tarehe kati ya misikiti ya Osmani inayojulikana. Chumba kimoja, kuba moja ya takriban mita 8, ukanda wa pembetatu ndani, na kuta za mistari ya mawe na matofali kwa kupokezana, ufundi uliookotwa moja kwa moja kwa Wabizanti. Ulikuwa na baraza ya matao pembeni, ikabomolewa karne ya 20 kupanua barabara.

Hiyo baraza isikupite. Katika misikiti mikubwa ya Waseljuki uso wa jengo ni lango refu lililochongwa. Magharibi mwa Anatolia, karne ya 14, lango linaanza kukaa nyuma ya baraza yenye matao, mahali pa kuswalia waliochelewa. Kitu kidogo, lakini misikiti mingi ya Osmani iliyofuata iliubeba uso huo.

Kwa kulinganisha, upanuzi wa Msikiti Mkuu wa Kilwa ulifanyika karne hiyohiyo ya 14, nao una kuba. Pale ukumbi uligawanywa kwa nguzo kuwa vyumba vidogo vidogo, na kila kimoja kikafunikwa peke yake, kwa matumbawe na chokaa. Ni jibu la busara pale jiwe lilipo jepesi na boriti zilipo fupi. Mabey walielekea upande wa pili, kupunguza nguzo na kukuza kuba moja. İlyas Bey wa Menteşe, aliyerudishiwa milki baada ya Timur, mtawala wa Asia ya Kati, kumshinda Bayezid pale Ankara mwaka 1402, alijenga Balat msikiti wa marumaru ya Mileto wenye kuba moja ya kama mita 14. Maandishi yake ni ya mwaka 1404.

Mfano ninaouthamini kuliko yote ni Msikiti Mkuu wa Manisa, wa İshak Bey wa Saruhan, mwaka 1366. Ukiutazama kwa haraka ni ukumbi wa nguzo kama mingine mingi. Lakini mbele ya mihrabu zimeondolewa nguzo za kutosha kuweka kuba yenye kipenyo cha karibu mita 11, nayo imekalia nukta nane, si kona nne, baadhi zikiwa zimeungana na ukuta wa kibla. Mzigo ukigawanywa kwa nane, kila nguzo inaweza kuwa nyembamba, na anayeswali safu ya nyuma anaona mihrabu. Mbele yake kuna ua wenye baraza, mkubwa karibu sawa na ukumbi. Miaka 80 baadaye, kule Edirne, Waosmani walimaliza msikiti wa Üç Şerefeli, kuba ya mita 24 juu ya nukta sita, na ua wa baraza mbele. Sidai kwamba fundi wa Edirne alinakili Manisa, ila swali alilolijibu lilikuwa limekwisha kuulizwa pale.

Karaman nimeipita kwa haraka kwa makusudi, kwa sababu kwenye kuba haina mengi mapya. Walishikilia malango ya Kiseljuki kwa ukaidi, kama anavyofanya mtu anayejiona mrithi halali wa Konya. Ukihitaji mfano, Hatuniye Medrese ya mwaka 1382 ilijengwa na Nefise, binti wa Murad wa Kwanza wa Osmani aliyeolewa na Alaeddin Bey wa Karaman. Wakwe hao walipigana vita vya kweli, lakini madrasa ya bi harusi ilijengwa kwa mtindo wa kwa mumewe.

Katika kazi yako anza na michoro ya mkato, si picha za malango. Weka Beyşehir, Manisa na Selçuk kwa kipimo kimoja, paka rangi kila kinachobeba mzigo, kisha andika pembeni tarehe ya maandishi ya lango kwa Hijria na kwa Miladi. Na mwalimu wako akikubali jengo la nne, ongeza Kasaba: ndani yake kuna nguzo nne tu za mbao, na umejengwa mwaka uleule wa Manisa.