Ukitafuta joto, usianzie Nairobi

Ndugu yangu, umesema umechoka na theluji ya Minneapolis, unataka kurudi nyumbani penye joto, na Nairobi umeiweka ya kwanza. Nakuomba usilipie nyumba kabla hujakaa hapa mwezi wa saba. Mji uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Juni mpaka Agosti mawingu hayabanduki, usiku ni nyuzijoto 12 hivi, na nyumba zetu hazina kipasha joto. Huko baridi inabaki nje ya mlango. Hapa inaingia na kukaa nawe sebuleni. Naandika haya Kasarani nimevaa sweta mbili, na vigae vya sakafu vinauma hadi kisiginoni.

Mombasa joto lipo, tena la kutosha. Lakini Februari na Machi ni nyuzijoto 32 au zaidi pamoja na unyevu, usiku haupoi, na hewa ya chumvi inakula mabati. Malaria pia ipo, na mtu aliyekaa nje miaka mingi inampiga vibaya kuliko mwenyeji.

Mimi ningekwenda kuangalia Voi, mji ulio njiani kati ya Nairobi na Mombasa. Iko chini, kama mita 600, joto lake ni kavu kuliko la Pwani, na treni ya SGR inasimama pale. Dawa ya mbu bado utahitaji. Ukifika, kabla ya kuuliza kodi, fungua bomba uone kama maji yanatoka, kisha waulize majirani hutoka siku ngapi kwa wiki.