Saa za Mafundi Zinapotelea Wapi Katika Ukaguzi wa Ndege?

Swali: Ninapanga kazi katika karakana ndogo inayohudumia ndege za Cessna Caravan zinazobeba watalii kati ya Zanzibar na mbuga za kaskazini. Kadi za ukaguzi mmoja mkubwa, yaani karatasi zinazotaja kila kazi na muda wake, zikijumlishwa zinafika saa 60 za fundi, nami nina mafundi 6 wanaofanya kazi saa 8 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Kwa hesabu hiyo ndege ingetoka siku ya pili, lakini kila mara wiki nzima inakwisha. Uongozi unauliza kama tuajiri au tulipe saa za ziada. Ninakosea wapi?

Jibu: Kujumlisha kwako hakuna kosa. Tatizo liko katika namba mbili ulizoanza nazo, kwa kuwa ya kazi ni ndogo kuliko kazi yenyewe, na ya watu ni kubwa kuliko watu ulionao.

Nianze na kazi. Muda ambao mtengenezaji huuweka katika nyaraka za upangaji kwa kawaida ni wa kazi tupu: fundi ameshafika kwenye ndege, zana anazo, vifuniko vimefunguliwa, na hakuna hitilafu iliyoonekana. Kuandaa, kusoma mwongozo, kufungua na kufunga, kungoja kipuri na kujaza kumbukumbu havimo. Ndiyo maana karakana huzidisha saa za kadi kwa kigezo chake yenyewe. Tuchukue 1.5 kwa mfano tu: saa 60 zinakuwa 90. Kisha ziongezwe kazi zinazozaliwa na ukaguzi. Ndege inayolala pwani hupata kutu ya chumvi, na inayotua kwenye viwanja vya changarawe hurudi na mapanga ya propela yaliyochubuliwa na mawe, hivyo si ajabu kila saa 10 za ukaguzi kuzaa saa 6 za marekebisho. Hapo una saa 54 zaidi, na jumla ni 144.

Sasa watu. Mafundi 6 kwa siku 5 ni saa 240 kwenye karatasi, lakini mmoja akiwa likizo au mafunzoni zinabaki 200. Ukitoa mapumziko, kukabidhiana zamu, safari za stoo na kungoja zana iliyo mikononi mwa mwenzake, fundi anayegusa ndege kwa saa 6 kati ya 8 amefanya vizuri sana. Saa zako halisi ni 150. Wiki unayoiona imepotea kumbe ilikuwa imejaa, na ndege nyingine ikikwama Mafia siku ya Jumatano, mpango wote umevunjika.

Saa hizo, zaidi ya hayo, hazilingani. Saa ya mwanagenzi haiwezi kuziba pengo la saa ya fundi mwenye leseni anayetia saini. Mfumo wa kuongozea ndege ukiguswa, mtu wa pili mwenye sifa, ambaye hakuifanya kazi ile, lazima aukague upya, na saa zake zinapaswa kuwamo katika mpango tangu mwanzo. Ninasisitiza hili kwa sababu upungufu wa watu una madhara yanayojulikana. Juni 1990 kioo cha mbele cha ndege ya abiria aina ya BAC One-Eleven ya British Airways kiling'oka angani na rubani akavutwa nusu mwili nje, akanusurika. Uchunguzi ulikuta kwamba boliti 84 kati ya 90 zilikuwa na kipenyo kidogo kuliko kilichotakiwa, na kwamba msimamizi wa zamu alikifunga kioo mwenyewe usiku, akiwa na watu pungufu, bila kazi hiyo kukaguliwa na mwingine. Kanuni za Ulaya za Part-145, zinazohusu karakana za ndege, leo zinaidai karakana mpango wa saa za mafundi, na zinataka upangaji uzingatie uchovu wa binadamu.

Vigezo vyangu usivichukue kama vilivyo. Katika kila kadi weka nafasi nne za muda: kazi yenyewe, kufungua na kufunga, hitilafu iliyopatikana, na kungoja. Waambie mafundi wazi kwamba saa hizo hazitatumika kuwaadhibu, la sivyo watakuandikia namba unayotaka kuiona. Panga pia sehemu zenye kutu na nyufa zikaguliwe siku ya kwanza, ili kipuri cha kuagizwa nje kijulikane Jumatatu badala ya Alhamisi.

Kuhusu swali la uongozi, kwanza tazama nafasi ya kungoja katika kadi hizo. Ikiwa ndege husubiri saini, ajirini fundi mwenye leseni ya ndege hiyo, au mlipieni mmoja wa mlionao aipate. Ikiwa husubiri vipuri, hakuna ajira itakayoitoa mapema. Saa za ziada zinafaa kwa wimbi la kazi la muda mfupi, kama wiki za kabla ya msimu wa watalii wa Julai, na zisiwe za usiku kwa fundi aliyeshinda kazini mchana.