Siti ya hotirodi ishike kwenye chuma, si kwenye bati

Wengi wanaounda hotirodi, yaani gari la zamani lililobadilishwa na kutiwa injini yenye nguvu, huiacha siti iwe ya mwisho. Injini imeshakaa, bodi imeshapigwa rangi, ndipo wanakumbuka kuwa kuna mtu atakaa humo ndani. Mimi nasema siti iamuliwe mapema, kabla usukani na pedali hazijapata mahali pa kudumu.

Weka siti juu ya vipande vya mbao, vaa viatu unavyoendeshea, kaa. Kanyaga klachi hadi mwisho: goti libaki limekunjika kidogo. Tazama mbele. Kama paa limekatwa likashushwa, sentimita mbili tu za kimo zinatosha kuyafikisha macho yako kwenye ukingo wa juu wa kioo. Pima ukiwa umekaa, maana sponji hubonyea. Punguza au ongeza mbao mpaka mwili uridhike, ndipo ukate vyuma vya kuinulia siti.

Kwenye sakafu ndipo ninapokuwa mkali. Ford Model A za 1928 hadi 1931 zilitoka kiwandani zikiwa na mbao kwenye sakafu ya mbele na bila mikanda. Hakuna aliyewaza kwamba siku moja zitatiwa injini ya V8, yenye silinda nane. Bati la umri huo, hata likiwa halina kutu, lisiachiwe kazi ya kushika bolti peke yake. Niliwahi kufungua siti iliyofungwa na mwenye gari wa awali kwa bolti nne na washa ndogo. Chini ya zulia, kila tundu lilikuwa limezungukwa na nyufa nyembamba kama nywele.

Kwa hiyo mimi huchomelea bomba la mraba kuvuka sakafu, likashike kwenye mihimili ya chasisi yenyewe. Bolti ikipita ndani ya bomba hilo, tia kwanza kipande cha bomba la mviringo na ukichomelee, la sivyo ukikaza nati bomba litabonyea na bolti italegea. Mahali ambapo mhimili haufikiki, weka bamba nene la chuma chini ya bati, pembe zake zikiwa zimeviringwa zisije zikalikata.

Siti na mkanda vishikwe na muundo mmoja. Siti ikiwa kwenye bodi na mkanda kwenye chasisi, bodi ikihama wakati wa ajali mkanda unakubana wewe. Mkanda wa kiunoni ulale juu ya mifupa ya nyonga, si tumboni. Ule wa begani usifungwe chini sana nyuma ya siti, kwa sababu gari likigonga utaukandamiza uti wa mgongo. Bolti za mikanda nyingi ni za inchi 7/16. Usiweke bolti yoyote uliyoiokota gereji.

Kabla ya kutoboa, ingia uvunguni uangalie mabomba ya breki, ya petroli na nyaya. Ukishatoboa, paka rangi kingo za matundu, tumia nati za kujifunga, na baada ya safari za mwanzo rudi na spana ukague kila moja.