Kurkumini na Makrofaji Kidondani: Ushauri kwa Wanaoanza Kazi ya Maabara

Anayeingia maabara kwa mara ya kwanza kuchunguza jinsi kurkumini, ile kemikali inayoipa manjano rangi yake, inavyoathiri seli za kinga kidondani, kwa kawaida huja na swali moja tu: je, inapunguza mchochota? Nami nilianza na swali hilo hilo, na ilinichukua muda mrefu kutambua kwamba si swali baya, ila ni nusu ya swali. Mchochota, yaani wekundu, joto, uvimbe na maumivu yanayofuata jeraha, ni sehemu ya kazi yenyewe ya kuponya. Kwa hiyo ulizeni pia kurkumini imefika kidondani wakati gani, na imezikuta seli zipi zikifanya nini.

Saa chache tu baada ya ngozi kukatika, nutrofili, seli nyeupe za damu zinazowahi kufika, humiminika kutoka kwenye mishipa ya damu kwenda kupambana na bakteria. Monosaiti, aina nyingine ya seli nyeupe za damu, hufuata, na kufikia siku ya 2 au ya 3 nyingi zimekwisha kugeuka makrofaji, yaani seli kubwa za kinga, ambazo ndizo zinazoongoza shughuli tangu hapo. Mwanzoni makrofaji hutoa saitokini, yaani protini za kupeana ishara, za kuchochea mchochota kama TNF-α, IL-1β na IL-6, huku zikimeza vijidudu na mizoga ya nutrofili zilizokwisha kufa. Kitendo hicho cha kumeza mizoga ni miongoni mwa mambo yanayozibadilisha tabia, hata zikaanza kutoa IL-10 na TGF-β, ambazo hutuliza hali, pamoja na VEGF, inayoamsha uotaji wa mishipa mipya ya damu. Mwaka 1975 watafiti Leibovich na Ross walionyesha kwamba wanyama waliopunguziwa makrofaji vidonda vyao vilichelewa kusafika na kupona. Matokeo hayo nayapenda kuliko mengi yaliyokuja baadaye, kwa sababu yanatuonya kwamba dawa ya kuzinyamazisha makrofaji mapema mno inaweza kukichelewesha kidonda kile kile tunachotaka kukisaidia. Hali ni tofauti katika kidonda sugu, kama cha mguu wa mgonjwa wa kisukari, ambamo makrofaji hukwama katika ukali wa mwanzo kwa wiki nyingi. Hapo kutuliza kuna mantiki kubwa.

Inajulikana kutokana na seli zinazokuzwa maabara kwamba kurkumini huzuia NF-κB, protini inayowasha jeni za TNF-α na wenzake, kwa kuilinda IκB, ile kufuli inayoifungia nje ya kiini, isivunjwe. Wengi wetu tulifundishwa kuweka kurkumini kwenye seli saa moja kabla ya kuzichokoza kwa LPS, kemikali ya ukuta wa bakteria inayoamsha mchochota, nasi tukashangilia jinsi TNF-α ilivyoshuka. Lakini mgonjwa hapakwi dawa kabla ya kujikata. Fanyeni jaribio hilo pia kwa mpangilio wa kinyume, mkianza na LPS na kuleta kurkumini saa 6 au 24 baadaye, kisha mlinganishe. Matokeo yakiwa dhaifu zaidi, huo ndio ukweli unaokaribia kidonda halisi.

Kuna jambo jingine lililonigharimu miezi kadhaa. Kurkumini haidumu. Katika bafa ya fosfeti yenye pH ya 7.2, kwa joto la nyuzi 37 na bila seramu, takriban asilimia 90 yake huharibika ndani ya dakika 30; seramu huichelewesha, haiizuii. Basi unaposema umezitibu seli kwa kurkumini kwa saa 24, huenda sehemu kubwa ya muda huo zilikuwa na mabaki yake tu. Andaeni myeyusho mpya kila siku ya kazi, muufiche na mwanga, na kila mara muwe na kisahani cha ulinganisho kilichotiwa DMSO, kiyeyushio cha kurkumini, peke yake kwa kiwango kile kile.

Tena kurkumini ina rangi na hung'aa yenyewe. Niliwahi kupima alama ya rangi ya kijani juu ya makrofaji nikaona imepanda mno, nikaandika ukurasa mzima wa maelezo ya kibiolojia, kumbe mng'ao ule ulikuwa wa kurkumini iliyobaki ndani ya seli. Sahani moja ya seli zilizotiwa kurkumini bila rangi yoyote ingeniokoa. Vivyo hivyo, kabla hujaamini kwamba TNF-α imeshuka, hesabu seli zilizo hai. Seli iliyokufa haitoi saitokini, na kwenye grafu kifo chake hufanana kabisa na utulivu.

Wanaotumia dondoo ghafi ya mmea badala ya kemikali safi wapime endotoksini, yaani LPS ile ile, kabla ya yote. Chembe za LPS kutoka kwa bakteria waishio juu ya mimea huziamsha makrofaji hata kwa kiasi kidogo sana, wala kuchemsha kwa mvuke wa otoklevu hakutoshi kuziondoa, na hivyo mtu anaweza kuusifu mmea kwa kazi iliyofanywa na uchafu.

Kuhusu majina ya M1, yaani makrofaji kali za mwanzo, na M2, zile zinazotuliza na kujenga, yatumieni kwa tahadhari. Yalipendekezwa mwaka 2000, na yanafaa kama ncha mbili za mstari mrefu, ilhali makrofaji za kidondani nyingi hukaa katikati zikibeba alama za pande zote mbili. Arginase-1, kimeng'enya ambacho ni alama ya M2 inayotegemewa sana kwa panya, haifai kuhamishiwa makrofaji za binadamu kana kwamba ni kitu kile kile.

Mtakapofika kwenye panya, kumbukeni kwamba ngozi yake hufunga jeraha zaidi kwa kujikunja, tofauti na ya binadamu, ambayo hutegemea zaidi kuota kwa tishu mpya; ndiyo maana pete ya silikoni hushonwa kuzunguka kidonda ili kuzuia mkunjo huo. Msipime upana wa kidonda pekee. Chukueni tishu siku ya 1, ya 3, ya 7 na ya 10, mtazame makrofaji zilizomo kila siku hizo, kwa sababu kidonda kilichofungwa siku ya 10 hakikuonyeshi kilichotokea siku ya 3, na athari ya kurkumini, kama ipo, yaelekea ilianzia huko.