Kazi za watoto nyumbani: fuata matukio, achana na saa

Dada mleta mada, pole kwanza. Umesema dada wa kazi ameacha kazi ghafla, una watoto wa miaka 4, 6 na 9, wewe na baba watoto mnatoka asubuhi, na unaomba mtu akupe ratiba ya kubandika ukutani ili kelele za asubuhi ziishe. Mimi ni baba wa watatu, niko Morogoro. Mke wangu ni muuguzi, zamu za usiku haziishi, kwa hiyo asubuhi nyingi ni mimi na watoto tu. Nieleze tunavyofanya kwetu, halafu nitawajibu na wadau waliotangulia huko juu.

Ratiba ya ukutani siipingi, ila mtoto wa miaka 4 hasomi, na kwa wa miaka 6 saa ya ukutani bado ni pambo. Wanachokijua ni matukio. Honi ya gari la shule wanaijua. Adhana ya magharibi wanaijua hata kama kwenu mnasali kanisani. Muziki wa taarifa ya habari ya saa mbili usiku wanaujua kuliko mimi. Kazi zetu zote tumezifunga kwenye matukio hayo. Mtoto akivua sare, soksi zinaingia kwenye beseni papo hapo, akishakula anazifua. Adhana ya magharibi ikisikika, mchezo umekwisha: nguo zinaanuliwa, kuku wanafungiwa, miguu inaoshwa. Muziki wa taarifa ya habari ukilia, safari ya kitandani. Anayewaamuru hapo ni TV, na TV hawajawahi kubishana nayo.

Hilo la kulala msilichukulie poa. Kama gari la shule linapita saa kumi na mbili kasorobo, mtoto anaamka saa kumi na moja alfajiri. Kuanzia saa mbili usiku mpaka hapo ni saa 9. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anashauriwa alale saa 9 hadi 12, kwa hiyo anayeingia kitandani saa mbili amegusa kiwango cha chini tu. Wa miaka 4 anahitaji saa 10 hadi 13, maana yake usingizi wa mchana kwake haukwepeki. Kelele nyingi za asubuhi ulizozieleza mimi naziona ni usingizi. Huyo mtoto anayelia kwa sababu ya kiatu hana tatizo na kiatu.

Kwa hiyo asubuhi yetu tunaimaliza usiku. Kabla ya muziki wa habari sare imeshatundikwa, viatu vimepigwa rangi na soksi zimo ndani yake, begi liko mlangoni, daftari la kusainiwa limeshasainiwa. Asubuhi mtoto ana mambo matatu tu: kuoga na kuvaa, kutandika kitanda, kunywa uji. Kutandika maana yake ni shuka kunyooshwa na chandarua kukunjwa juu, basi. Usimdai mikunjo ya hotelini saa kumi na moja na nusu. Mdogo nimemchorea karatasi yenye picha tatu, ndoo, kitanda na kikombe. Michoro yangu ni ya kuchekesha, kitanda kinafanana na meza, lakini anaielewa.

Sasa nani afanye nini. Wa miaka 4: kukusanya vinyago vyake kwenye boksi, kupanga viatu mlangoni, kupeleka vijiko mezani, kutia nguo chafu kwenye tenga, kuwarushia kuku pumba. Akikaa na wewe jikoni mpe maharage kwenye ungo atoe mawe. Atatoa na maharage mazima, lakini utapika umetulia. Wa miaka 6: kufagia sebule, kufua soksi na chupi zake, kukunja nguo ndogo, kumwagilia mchicha, kufuta meza baada ya kula. Wa miaka 9: vyombo, kufagia uani (anyunyize maji kwanza vumbi lisitimke), kuchambua mboga, kumenya vitunguu saumu, kukagua begi la mdogo wake. Jiko bado. Kwangu hakuna anayegusa moto wala maji yanayochemka bila mkubwa kuwepo, na chupa za dawa ya madoa na mafuta ya taa zinakaa juu kabisa ya kabati.

Kuhusu maji, nimeona mtu ameshauri watoto wachote asubuhi. Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20, na mtoto wa miaka 7 mwenyewe ana kilo ishirini na kitu. Mpe kidumu cha lita 3, au 5 akiwa mkubwa, na abebe mkononi, asijitwike kichwani. Na ndoo za akiba kama mna mgao zifunikwe vizuri. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye ndoo.

Vyombo nivisemee kidogo kwa sababu ndipo wazazi wengi wanapokata tamaa, wanasema "naosha mwenyewe nimalize". Mtoto anaanzia sufuria kwa sababu ndiyo kubwa na ndiyo iliyo juu. Maji yanakuwa mafuta matupu, glasi zinatoka na ukungu, unagombeza. Mfundishe mpangilio: mabaki yote kwenye ndoo ya kuku kwanza, sufuria zenye ukoko zilowekwe pembeni, halafu glasi na vikombe, halafu vijiko, halafu sahani, sufuria mwisho. Beseni la kwanza la sabuni na dodoki, la pili maji safi, kisha kichanjani vikauke na jua. Visu tunaosha sisi. Na kama mnapikia kuni au mkaa, paka sabuni ya kipande nje ya sufuria kabla ya kuibandika, masizi yatatoka kwa kufuta tu. Mtoto asikae nusu saa na stiliwaya. Siku za mwanzo nilikuwa naosha naye, yeye kwenye suuza. Baadaye tukabadilishana, nikawa nasuuza na kumrudishia chenye mafuta bila kusema neno. Sasa anaosha peke yake, anaimba humo humo.

Kazi moja iwe ya mtoto mmoja kwa muda mrefu. Watu wengi wanazungusha kila siku, leo wewe kesho yeye, na kila jioni inakuwa kesi ya nani alifanya jana. Kwetu kuku ni wa kijana wa kati mpaka shule zitakapofunga, likizo ndiyo wanabadilishana. Akisahau kuwafungia usiku, kila mtu anajua ni nani wa kuamshwa. Usizirudie kazi zao mbele yao pia. Akifagia akaacha pembe, mwite, muoneshe pembe. Ukichukua ufagio ukapiga upya naye anakutazama, kesho atafagia katikati tu akijua unakuja. Bibi yao akija kututembelea hili ndilo tunalovutana naye, maana ufagio kwake haupumziki.

Mdau aliyesema tuwaache watoto wasome, kazi ni utumikishaji: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya hapa Tanzania inakataza kumtumikisha mtoto, na umri wa kuajiriwa unaanzia miaka 14. Lakini sheria hiyo hiyo inataja na wajibu wa mtoto kwa familia yake, kulingana na umri na uwezo wake. Kufua soksi zako mwenyewe hakumnyimi mtu masomo. Kama kuna kinachowamaliza hawa watoto ni tuisheni ya jioni baada ya shule ya mchana kutwa, tena kwa mtoto wa darasa la kwanza. Hapo ndipo ningeanzia kupunguza.

Na aliyeshauri kulipa shilingi 500 kwa kila kazi, mimi sifanyi hivyo. Ukimlipa kutandika kitanda alicholalia mwenyewe, siku hana shida na hela hatandiki, na utamjibu nini? Za ziada ni jambo lingine. Kijana wangu tukiuza mayai anapata chake, kwa sababu kuku ni wake na mayai ya kuuza si ya mezani.

Umeuliza pia kama yule wa kiume aoshe vyombo, kwa kuwa mama mkwe analalamika. Aoshe. Akienda bweni atafua mwenyewe, akimaliza kidato cha sita akaitwa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) hakuna dada wa kumfulia huko. Mama mkwe mjibu kwa heshima, mwambie baba yake ndiye aliyepanga. Na baba yake akubali kubeba hilo, maana ni mama yake.

Mchezo nao uwe na nafasi yake, usiachwe uwe kile kinachobaki. Kutoka baada ya soksi mpaka adhana ya magharibi watoto wangu ni wa mtaani: rede, kombolela, kuruka kamba. Siwaiti katikati kuwatuma dukani labda chumvi imeisha kabisa. Katuni ziko jioni na zina mwisho. Kwa wa miaka 2 hadi 4 Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi saa moja kwa siku, na ikiwa pungufu ni vizuri zaidi. Jumamosi asubuhi ni usafi wa wote, mimi nadeki, wao wanatoa godoro juani na kufuta madirisha ya chini. Tukimaliza, hakuna anayetumwa tena siku hiyo.

Usianze na yote haya Jumatatu. Mpe kila mmoja kazi moja tu, ifungwe kwenye tukio moja, na uache nyingine zote kama zilivyo. Ikishakuwa hukumbushi tena, ongeza ya pili. Mwezi wa Ramadhani na likizo vitavuruga kila kitu, ni kawaida, mnaanza tena na ile moja.

Na ukipata dada mwingine, siku anapofika mwambie kwanza kazi ambazo si zake: vitanda vya watoto, soksi, kuku, vyombo vya jioni. Usipomwambia, ndani ya wiki atakuwa anafanya yote kwa huruma, na watoto wataachia kimya kimya. Wa kwetu alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama basi mshahara utapunguzwa. Nikamwambia haupunguzwi, na kazi yake moja ngumu ni kukaa na kuangalia mtoto anavyochelewa kumaliza sahani sita.